Fundi mnayemsifia humu leo kaniuliza mbele za watu kama baiskeli yangu ni ya mkaa!!!

Jezi_Mpya
Wakuu salamu mtanisamehe, naandika hapa moyo unadunda na vidole vinateleza kwenye simu.

Yule fundi. Simtaji jina wala sina haja ya kumtaja, humu wote mnamjua, ndo yule yule kila akitokea mgeni akauliza fundi baiskeli mzuri Dar yuko wapi mnakimbilia kumtaja utadhani mnalipwa kwa kichwa. Yule wa kukalia ndoo ya rangi. Yule wa ovaroli iliyokuwa bluu enzi za Mwinyi. Huyo huyo, msijifanye hamumjui.

Leo tumetoka kundi, watu 15, alfajiri, Daraja la Tanzanite, Coco, Masaki, tukawa tunarudi zetu. Na mimi leo nilipendeza. Nasema bila aibu, nilipendeza. Jezi mpya ya zipu mpaka chini, mifuko 3 mgongoni na kila mfuko una ndizi yake, kaptula ya sponji ile ya kamba za mabegani, miwani inayobadilika rangi kama mafuta ya taa kwenye dimbwi, glovu za nusu vidole, soksi nyeupe ndefu nyeupeee kama za harusi. Miezi 5 nimejinyima. Nyumbani wanajua jezi nimepewa kazini, na naomba iendelee kuwa hivyo.

Sasa gia yangu inaruka, nikikanyaga kwa nguvu inafanya kraa kama mtu anavunja karanga, ndo nikasema tupite kwa mheshimiwa. Nikampa shikamoo yake, kamili, na kichwa nimeinamisha. Nikamwambia mzee gia inaruka, niwekee sawa mara moja. Shikamoo akaipokea kwa pua. Akashika cheni kwa vidole 2. Akavitazama vidole. Akanitazama mimi kuanzia helmeti akashuka taratiiibu mpaka kwenye soksi. Akarudi kwenye vidole. Halafu kwa sauti ya mnadani:

"Mwanangu, hii unafanyia mazoezi au unashushia mkaa?"

MKAA.

Mbele ya watu 15. Mama wa mihogo kaacha kugeuza mihogo. Vijana wa bodaboda wa kile kijiwe cha jirani ambao hawajawahi kukubaliana hata kwenye mpira, leo wamecheka kwa pamoja kama kwaya. Kuna mmoja kalala kabisa juu ya tanki la pikipiki anapiga ngumi siti.

Mkaa jamani. Mimi. Na soksi hizi.

Hakuishia hapo, katoa rula ya mtoto wa shule kwenye ndoo, kaanza kunipimia cheni mbele ya umati, eti kila kipande ni nusu inchi, vipande 24 vinatakiwa vitoe inchi 12 kamili, yangu imezidi na moja ya nane juu, eti imevutika imeshakula na meno ya friwili, yale magia ya nyuma, ninunue vyote viwili. Sikumuuliza hesabu! Niliuliza gia! Na hiyo cheni kila Jumamosi naimwagia oili chafu ya gari, tena simwagii kwa kubana, namwaga mpaka inachuruzika sakafuni na nyumbani wanagomba, sasa niambieni, mtu anayeigharamia cheni yake hivyo ndo wa kuulizwa mkaa?

Nimeondoka natembea, baiskeli begani. Nimepita mbele ya kile kijiwe na kuna mtoto kaniuliza "anko, gunia bei gani".

Sirudi pale. Mods naomba uzi huu ubaki juu.

KijitiChaSpoku
Nimefungua mbio nikajua kuna mtu kaibiwa. Mkuu swali moja tu, jibu ndiyo au hapana. Cheni ilikuwa chafu au haikuwa chafu?

Jezi_Mpya
Hilo siyo swali. Swali ni kwa nini mkaa.

KijitiChaSpoku
Kwa hiyo ilikuwa chafu 😂😂

mdogo_wake_pancha
Mimi nilikuwepo. Nilikuwa wa tatu kutoka kulia, helmeti ya njano. Huyu bwana kawaficha jambo. Mzee alivyomuuliza habari ya mkaa, huyu kwa kuchanganyikiwa akajibu "Marahaba".

Narudia. Mzee wa miaka 70 kamuuliza swali, yeye kajibu MARAHABA. Hapo ndo mihogo ilipoungua.

Bwana Gololi
Marahabaaaa hahahahaha nimemwaga chai

Jezi_Mpya
Sikusema marahaba. Nilikuwa nasema "mara nyingi naisafisha" nikakatishwa katikati. Watu wawe wakweli.

mdogo_wake_pancha
Ulikatishwa na nani wakati kulikuwa kimya mpaka tunasikia mafuta ya mihogo yanachemka

MtuWaPugu
Mimi nasema tangu lile daraja lifunguliwe 2022 kila mtu mjini kawa mwendesha baiskeli. Mtu ana mavazi ya laki 4 juu ya cheni ya elfu 15 yenye kutu. Mnavaa kama mnaenda Ufaransa mnaishia Coco mnapiga picha mnarudi na bajaji.

Na hiyo oili chafu ndugu yangu inaitwa chafu, hukuwahi kujiuliza? Ile imetolewa kwenye injini ikiwa na masizi na unga wa chuma ndani yake. Unaimwaga nzitooo, unapita pembeni ya bahari upepo unakuletea mchanga, mchanga unanasa, hapo umetengeneza msasa unazunguka na wewe. Cheni inapakwa tone moja moja kwenye kila pini, unazungusha pedeli, unaacha iingie, halafu unafuta ya nje YOTE kwa kitambaa. Mafuta kazi yake ni ndani ya pini, huko nje hayana kazi. Kiangazi unatumia mepesi, masika unatumia mazito. Na sisi wa pwani chumvi haitusubiri, ukirudi unafuta, huachi mpaka Jumamosi. Mzee kakuonea huruma tu kukutajia mkaa, angeweza kusema mengine.

Jezi_Mpya
Huruma!! Kwa hiyo mkaa ni huruma!! Sawa.

Bi Mshindo wa Tabata
Mimi nashukuru mwenzangu kaulizwa mkaa, mkaa ni biashara halali. Mimi yule muuza nguo wa mtandaoni, na yeye mnamjua, yule wa "DM kwa bei", kaniuzia kaptula ya sponji. Namwambia kaka hii ni ya kiume, ona sponji ilivyokaa, mshono umepita mahali ambapo kwangu mimi hapatakiwi kupita kitu. Ananijibu "dada hiyo inavutika, itakuzoea". ITANIZOEA. Nimeivaa mpaka Bunju na kurudi, wiki nzima ofisini nimekaa kwa upande mmoja kama nasikiliza ukutani.

Halafu namuuliza inafuliwaje ananiambia maji ya moto na pasi. Pasi kwenye sponji! Nikafuata. Ikatoka imekunjamana kama papai lililolala juani. Hizi zinafuliwa maji ya kawaida, sabuni kidogo, zimegeuzwa ndani nje, kila ukirudi siyo kila mwisho wa mwezi, bila ile dawa ya kulainisha nguo, na unaanika kivulini. Nimejifunza kwa hasara ya elfu 85.

KijitiChaSpoku
Samahani dada hivi zile zinavaliwa na chupi ndani au hapana? Kuna ubishi kijiweni.

Bi Mshindo wa Tabata
HAPANA. Hazivaliwi na kitu. Ndo maana zinafuliwa kila siku. Mshono wa chupi ukikaa kati yako na siti kwa saa 3 utaona rangi zote.

Jezi_Mpya
...

mdogo_wake_pancha
Mbona Jezi_Mpya kaweka nukta tatu? Kaka usituambie ulikuwa na boksa ndani.

Bwana Gololi
Alikuwa na boksa. Cheni ya mkaa na boksa. Marahaba.

Gunia Tatu
Nimesoma toka juu. Mimi nimeshusha mkaa kutoka Kisarawe miaka 6 kabla sijanunua pikipiki. Magunia 3, wakati mwingine 4, mteremko wa Pugu breki unapiga kwa kandambili. Naona mmelifanya tusi. Cheni yangu ilikuwa nafuta kila jioni kwa kitambaa na mafuta ya taa kabla sijala, kwa sababu ikikatika mlimani na gunia 3 hakuna gari la kukufuata nyuma na maji baridi. Anayetakiwa kuombwa radhi kwenye huu uzi ni mimi.

Na mkishamaliza kuniomba radhi mniambie kuhusu tairi za 28, maana kuna muuzaji pale sitaji duka, yuko kwenye kona, alinitesa. Nina baiskeli la chuma la 28, nikaomba tairi ya 28, kanipa imeandikwa 28 kweli. Nimefika nyumbani haiingii kwenye ringi, navuta mpaka kucha zinatoka damu. Namrudishia ananiambia "28 ni 28 mzee, ringi lako limevimba". Ringi la chuma limevimba!

MtuWaPugu
Mkuu Gunia Tatu radhi sana, shikamoo. Hapo ulipigwa. Kuna 28 ya baiskeli za kizamani ile ya moja na nusu, pembeni ina namba ndogo 635, na kuna 28 za hizi za kisasa 622, ndiyo hiyo hiyo wanayoiita 700. Hazivaani hata ukisali. Cha ajabu 29 ya mlimani nayo ni 622. Hizo namba kubwa ni za kudanganyia watu, soma ile ya tarakimu tatu, ndiyo kipenyo cha ringi kwa milimita.

Fulana Ndani
Na 26 je? Yangu ni 26 ya mlimani, nimepewa tairi ya 26 na moja na tatu ya nane, ya zile baiskeli za mtumba za Kijapani, haikai, inacheza kama kofia ya baba kwa mtoto.

MtuWaPugu
Yako ya mlimani ni 559, hiyo ya Kijapani ni 590. Milimita 31 hizo. Ulipigwa na wewe.

Fulana Ndani
Muuzaji wa kwenye kona?

Gunia Tatu
Huyo huyo. "Ringi limevimba"?

Fulana Ndani
Mimi aliniambia limesinyaa.

Jezi_Mpya
Jamani turudi kwenye mada. Mzee mzima na ndoo yake kamdhalilisha mwanachama mbele ya watu 15. Neno alilotumia ni mkaa. Hakuna aliyelisema hilo.

msee_wa_Thika
Wabongo mnalia na cheni? Huku Nairobi nilinunua helmeti Gikomba, iko poa, inang'aa, kufika nyumbani natoa ile sponji ya ndani nakuta foamu imepasuka kutoka upande huu hadi ule, mwenyewe wa kwanza alishaangukia hiyo. Helmeti ikigonga chini mara moja imekwisha kazi hata kama nje inaonekana mpya. Siku hizi naangalia ndani kwanza, natafuta karatasi ya EN 1078, ile alama ya usalama ya Ulaya, nabonyeza kila mahali kama nanunua parachichi. Lakini pia msisahau sisi ndio tulimpa dunia Froome, alianza huku mji wa Kikuyu na kocha Kinjah, akashinda mbio za Tour de France mara 4.

KijitiChaSpoku
Akashinda na bendera ya nani?

msee_wa_Thika
Hiyo ya Uingereza ni maneno ingine.

Bwana Gololi
Mnabishana wawili wakati mashindano ya dunia ya baiskeli 2025 yalifanyika Kigali. Wanyarwanda walikuwa kimya wanasafisha cheni.

Bi Mshindo wa Tabata
Na Girmay wa Eritrea kavaa jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi, Tour de France 2024, sisi hapa tunajadili boksa ya mtu.

Jezi_Mpya
Sikuvaa boksa.

Na hata kama nilivaa, mkaa unahusiana vipi?

Kipande cha Tyubu
Habari wakuu, mimi mgeni. Naomba kuuliza fundi mzuri wa baiskeli Dar yuko wapi?

KijitiChaSpoku
Nenda kwa yule mzee wa ndoo ya rangi. Hakuna mwingine.

MtuWaPugu
Mzee wa ndoo. Futa cheni kwanza.

Bi Mshindo wa Tabata
Mzee wa ndoo. Shikamoo useme wewe, usijichanganye.

Jezi_Mpya
Ndo nyie sasa. Ndo hicho nilichosema.

Kipande cha Tyubu
Asanteni. Na valvu zangu ni zile nyembamba za kufungua kichwa, pampu za bodaboda hazishiki. Anazo?

Gunia Tatu
Kuna kijichwa cha kuzungushia juu, kinaifanya iwe kama ya gari. Kidogo kama tundu la sindano ya kushonea viatu, kipoteze mara moja utaelewa. Anacho, anavihifadhi kwenye kopo la maziwa. Usinunue kwa wa kwenye kona.

Fulana Ndani
Wa kwenye kona atakwambia valvu imevimba.

mdogo_wake_pancha
Hivi yule mama wa mihogo ndo yule wa chachandu ya ukwaju au kahama? Maana leo kwa ile vurugu sikununua.

Bwana Gololi
Ndo yeye. Ila wahi, saa 2 mihogo imeisha, watu wa baiskeli mnakula kama mmetoka Morogoro.