Naomba ushauri: chembe za mfupa wa ng'ombe chini ya sinasi

Wadau wa meno, habari. Nataka kuweka skrubu ya jino la bandia taya la juu nyuma, chini ya sinasi (uwazi wenye hewa juu ya meno hayo), ila kimo cha mfupa uliobaki ni milimita 4, hivyo nafikiria kuongeza mfupa hapo. Chembe za mfupa wa ng'ombe za Bio-Oss (milimita 0.25 hadi 1) huyeyuka polepole mno, sampuli za baada ya miaka 10 bado huzikuta zikizungukwa na mfupa mpya. Kimo hubaki, hilo zuri. Ila uambukizo ukifika kwenye chembe, kuzisafisha zote ni balaa.

Mnachanganya na mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kiasi gani? Mnasubiri miezi 6 au 9 kabla ya kuweka skrubu? Utando wa sinasi ukichanika, mnaziba kwa kolajeni (protini ya wanyama) au mnaahirisha? (Kolajeni nyingine ni ya nguruwe, mgonjwa Mwislamu aulizwe mapema.) Na mvutaji sigara mnamkubali?