Mafundi wa dizeli acheni kubahatisha! Hilux ikigoma kuwaka ikiwa ya moto, pimeni kabla ya kuuza spea

Wakuu, salamu.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nina Hilux pikapu ya miaka ya 1990, injini 3L ya dizeli, cc 2779, ile isiyo na turbo wala kompyuta. Asubuhi ni stata moja tu, imewaka. Inashusha nyanya kutoka Ilula hadi Morogoro na inarudi kuupanda mlima Kitonga na mzigo. Haichemshi, hailambi oili. Lakini izime ikiwa ya moto, kaa robo saa, halafu rudi kwenye swichi. Stata itazungusha weee, injini haishiki. Ngoja ipoe kabisa, inawaka. Pata vijana wa kusukuma, inawaka.

Panaponiumiza zaidi ni Ruaha Mbuyuni. Unasimama kupakia vitunguu, joto la pale mnalijua, na ukimaliza kufunga turubai gari haitaki. Wanaosukuma wanataka hela, tena kwa gari yenye mzigo hawana bei ndogo. Tajiri wa mzigo anapiga simu kila dakika.

Sasa sikilizeni nilivyofanyiwa gereji. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti sawasawa. "Ikisukumwa inawaka? Basi bosi, stata imechoka." Akatoa stata iliyokuja na gari, akafunga nyingine ya dukani. Tatizo lile lile. Wa pili akasema betri. Tatizo lile lile. Wa tatu akaniuzia hita plagi seti nzima! Wakuu, hita plagi kazi yake ni kupasha chumba cha moto injini ikiwa baridi. Injini iliyotoka kupanda Kitonga, chumba kinaungua, unaniuziaje hita plagi? Wa nne nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silenda. Zote nililipia, na hakuna aliyeweka mita kwenye betri, hakuna aliyelegeza nati ya bomba hata moja kuona kama dizeli inafika. Wanasikiliza maelezo ya mteja, wanataja spea, wanatuma kijana dukani. Huo si ufundi.

Kilichonifungua macho ni swali moja la mzee mmoja fundi wa pampu za dizeli. "Mwanangu, ikigoma, nyuma inatoa moshi?" Katika wote wale hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamjibu haitoi moshi hata kidogo. Akasema basi dizeli haifiki kwenye silenda, kwa sababu dizeli ingekuwa inafika ila haiungui, ungeona moshi mweupe kwenye ekzosi wakati stata inazungusha.

Na hapo ndipo ile hoja ya "ikisukumwa inawaka basi stata" inapokufa, maana gari yenye pampu iliyochoka nayo ikisukumwa inawaka! Pampu ya injini hizi ni ile yenye pistoni moja ndogo inayogawa dizeli kwa silenda zote nne. Pistoni imekaa ndani ya hedi ya pampu kwa nafasi ndogo sana, sehemu chache tu za elfu moja za milimita, haina sili ya mpira, kinachozuia ni ule mbano wa chuma kwa chuma tu. Ikishalika, dizeli inapenya pembeni. Asubuhi dizeli ni baridi na nzito kiasi, inapenya kidogo, presha inatosha kufungua nozeli. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya yote. Halafu pampu inazunguka nusu ya mwendo wa injini. Stata ikizungusha injini mizunguko kama 200 kwa dakika, pampu inapata 100 tu, pistoni inakwenda polepole na dizeli inapata muda wa kukimbia. Ukisukuma na kuachia klachi, mwendo unapanda ghafla, dizeli inakosa muda wa kukimbia, injini inashika. Ikishashika haizimi, hata sailensa inanguruma vizuri, ndiyo maana barabarani huoni dalili.

Na kwa nini iwe baada ya kuzima? Kwa sababu ukizima, feni imesimama, maji hayazunguki, dizeli haipiti tena kuipooza pampu. Joto la injini linahamia kwenye pampu na linaendelea kupanda kwa muda hata kama gari imesimama. Dakika kumi na tano hadi thelathini ndiyo saa yake mbaya.

Kipimo chake ni maji na kitambaa! Gari imegoma, zima swichi, lowesha kitambaa maji ya kawaida, kifunike kwenye hedi ya pampu pale yanapotokea mabomba manne ya nozeli, ongeza maji kidogo kidogo mpaka hedi ipoe, halafu piga stata. Ikiwaka, una jibu. Ya kwangu iliwaka pale pale, mbele ya mzee, bila kusukumwa na mtu. Ila msimwage maji ya barafu kwenye pampu ya moto, na kamwe isiwe inazunguka, chuma kikisinyaa ghafla pistoni inaweza kunasa, na hapo umenunua pampu nzima. Alteneta nayo iepushwe na maji.

Sisemi kila gari ni pampu. Nasema mtu apime. Ikiwa gari ikipata moto stata inazunguka kwa uvivu kuliko asubuhi, hapo sawa, tafuta kwenye umeme. Weka mita kwenye betri wakati wa kupiga stata, ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri ina shida. Betri ikiwa nzima, weka mita kati ya nguzo chanya ya betri na boliti ya waya mnene kwenye stata, zikipotea zaidi ya nusu volti umeme unaliwa njiani, kwenye waya au terminali. Fanya hivyo hivyo kwa waya wa hasi unaokwenda kwenye injini. Ikitoa "tik" tu bila kuzunguka, mara nyingi ni zile shaba mbili ndani ya sumaku ya stata zimelika, na kwa stata za Denso shaba zinabadilishwa peke yake kwa hela ndogo. Na kama kinachosumbua ni asubuhi baada ya gari kulala, hapo tafuta hewa kwenye mipira ya dizeli.

Kuna pia ile sumaku ya kuzimia iliyo juu ya pampu, inayofungua dizeli ukiwasha swichi. Zingine zinachoka zikipata moto. Washa swichi, sikiliza kama inagonga. Haigongi, pima kama umeme unafika. Ni kazi ya dakika mbili.

Nimalizie na hili la skrubu, kwa sababu ndilo wizi mbaya kuliko yote. Kuna mafundi wanajua kabisa kuwa pampu imelika. Badala ya kukwambia, wanakaza skrubu ya dizeli nyuma ya pampu ili isukume mafuta mengi zaidi. Gari inawaka ikiwa ya moto, unafurahi, unalipa, unaondoka. Baada ya muda unaona moshi mweusi mlimani, mafuta yanaisha haraka, injini inachemka, na pampu inaendelea kulika mpaka hata skrubu haisaidii. Mmoja alitaka kunifanyia hivyo huku akiniita "mzee wangu". Nilimkatalia.

Na wauza mafuta nao wamo. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Dizeli chafu, yenye maji au iliyochanganywa na mafuta ya taa inaisaga. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, walileta vinasaba (alama ya kutambua mafuta yasiyochakachuliwa) mwaka 2010 na serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kwenye bajeti ya 2011/12 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umeua pampu na injini za watu. Mpaka leo dizeli ya madumu inauzwa barabarani na sisi madereva tunainunua. Filta ya bei chee ya kubabaisha nayo haichuji kitu.

Pampu yangu sasa iko kwa mzee, inapandishwa kwenye mashine ya kupimia. Alipopima presha akaniita nione mwenyewe, kabla hajataja bei. Anabadilisha hedi, anaiseti upya, kisha taimingi.

Kwa fundi wa stata: nimekupigia hupokei, nimekuja gereji vijana wanasema umesafiri. Stata uliyoitoa ilikuwa nzima, tumeshathibitisha haikuwa na kosa. Uliyonifungia imeanza kukwaruza gia. Naitaka ile stata yangu ya Denso, sitaki maneno, na hela ya ufundi uirudishe.

Wadau wengine mliofanyiwa hivi na Hilux, Hiace au Prado za injini za familia hii ya L, wekeni hapa mlibadilishiwa nini kabla tatizo halijapatikana.