Tupeane uzoefu: akiba ya miezi mitatu nyumbani, ni kipi huharibika kabla hujakihitaji?

Mtu wa Sakina (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kununua akiba ni kazi ya wikiendi moja, kuitunza ndiyo shughuli. Mahindi yanageuka vumbi la dumuzi, betri linalala, jiki inabaki maji yenye harufu. Siku barabara imekatika mtu anafungua stoo, anakuta alikuwa anatunza mapambo. Kila mwenye fani yake aweke vipimo na makosa anayoyaona kwa watu. Habari za "mimi siku ile" tuziwekee uzi wake.

Naanza na hesabu ya chakula ili tusipishane. Mgao wa dharura wa makambini hupangwa karibu na gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, mikunde gramu 60, mafuta gramu 25, chumvi gramu 5. Lengo ni kilokalori 2,100, na kinachopelea hujaziwa na unga wa uji na sukari. Familia ya watu 5 kwa siku 90 ni kilo 180 za nafaka, kilo 27 za maharage, mafuta lita 12 na chumvi kilo mbili na robo. Kwa lugha ya sokoni: magunia mawili ya mahindi yasiyojaa na debe moja na nusu la maharage. Si mzigo wa kutisha. Haya, karibuni.

Ghala_Kiboriloni

Mkuu, weka mahindi, usiweke unga. Dona ndiyo ya kwanza kuharibika kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta. Ukishasaga, mafuta yale yanakutana na hewa na baada ya wiki chache ugali unakuwa mchungu. Sembe inavumilia zaidi kwa kuwa kiini kimetolewa. Weka unga wa wiki tatu tu, mengine yabaki punje. Na umeme ukikosekana mashine isisage, makande hayahitaji mashine.

Sasa ukavu. Wengi wanauma punje, ikilia "ka!" wanasema tayari. Haitoshi. Chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, weka mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chakula vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa. Tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha kwenye turubai. Ikidondoka yote chini bila kuganda, bado anika siku moja au mbili za jua kali, maana unachotaka ni asilimia 13 hivi. Kosa la kawaida ni kutumia chumvi yenye unyevunyevu: itaganda hata mahindi yakiwa makavu, nawe utaanika mpaka uchoke.

Mfuko wa PICS una plastiki mbili ndani na kiroba nje. Pulizia hewa kila plastiki, bana mdomo, sikiliza kama inavuja. Toa vipande vya magunzi, ndivyo vinavyotoboa. Jaza, kandamiza hewa itoke, sokota shingo ya plastiki ya ndani, ikunje, ifunge kwa kamba. Halafu ya pili peke yake, kisha kiroba. Ukizifunga zote kwa fundo moja umepoteza hela. Dumuzi waliomo wanamaliza hewa wenyewe na kufa, lakini ukifungua kila Jumamosi kuchota kibaba unawaletea pumzi mpya. Kwa hiyo nunua mifuko ya kilo 50 badala ya 100, fungua mmoja umalize ndipo ugeukie mwingine. Weka juu ya mbao, shubiri moja kutoka ukutani, na panya wadhibitiwe, maana tundu moja la panya linatosha.

Kaka wa Pasua

Na vile vidonge vya kufukizia? Kuna wauzaji wanakupa viwili tu kwa karatasi.

Ghala_Kiboriloni

Kaka, usithubutu ndani ya nyumba wanayolala watu. Vile vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi inayoua binadamu kama inavyoua dumuzi, na gesi haijui mlango wa stoo ni upi na wa chumba cha watoto ni upi. Mfuko usiopitisha hewa haukuhitaji sumu hata kidogo.

Maji_Ngaramtoni

Niongee na wa Arusha kwanza. Miteremko ya Meru ina floridi nyingi kwenye chemchemi na visima, ndiyo asili ya meno ya kahawia tunayoyajua, na ikizidi sana kwa miaka hugusa mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haitoki kwa kuchemsha. Ukichemsha maji yanapungua, floridi inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Klorini haiigusi, wala chujio la udongo, wala mchanga. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaitoa, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kilichofanyia kazi jambo hili, ila mkaa wenyewe unachoka na usipopima hutajua umechoka lini. Akiba ya maji ya kunywa kwa Arusha, kwa maoni yangu, ni ya mvua. Mengine yote ni ya kufulia na chooni.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita 80 za mraba. Ukitoa hasara za kumwagika na kukauka, shika asilimia 80, yaani lita 64 kwa kila milimita. Tanki la lita 5,000 linajaa kwa milimita 78 hivi, na masika ya kawaida huku yanapita hapo mbali. Watu 5 kwa lita 4 kila mmoja za kunywa na kupikia ni lita 20 kwa siku. Lita 5,000 ni siku 250, zinavuka kiangazi chote mpaka vuli na chenji inabaki. Lakini hapo ni kunywa na kupika tu. Ukioga humo hesabu imekufa.

Maji ya kwanza lazima yamwagwe: kinyesi cha ndege, vumbi, majani. Angalau nusu milimita, kwa paa hilo ni lita 40. Mafundi wanaweka kipande cha bomba la inchi 4 cha mita moja kikiwa kimezibwa chini, wanakiita chujio. Bomba hilo linabeba lita 8 kwa mita! Utahitaji mita 5. Weka pipa la lita 60 badala yake: bomba la kushusha maji lina tawi, maji yanaingia kwenye pipa kwanza, likijaa ndipo yanapita kwenda tanki. Chini ya pipa toboa tundu la milimita 2, liwe linajimwaga taratibu kati ya mvua na mvua. Tundu hilo huziba kwa tope, lichokonoe kwa waya kila baada ya mvua kubwa.

Kingine: lita 5,000 ni tani tano. Msingi uwe wa zege na bapa. Jiwe moja lililochomoza chini ya tanki ndilo ufa wa mwakani. Koki iwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tanki ili tope libaki chini, na wavu wa mbu kwenye mdomo na kwenye bomba la kumwagia ziada.

Dada_Tengeru

Asante kaka. Na majivu ya volkano? Wazee hapa wanakumbuka Oldoinyo Lengai ya 2007 na 2008.

Maji_Ngaramtoni

Swali zuri, dada, watu wanalisahau. Meru yenyewe ilitoa majivu mara ya mwisho 1910, Lengai ndiyo jirani msumbufu. Majivu yakianza kudondoka, chomoa bomba linaloingia tanki kabla ya kitu kingine chochote. Fagia bati kwa ufagio laini yakiwa na unyevu kidogo, pua na mdomo vimefunikwa. Usimwagie maji mengi, yanakuwa uji mzito na gata zinang'oka. Rudisha bomba baada ya mvua moja nzima kusafisha paa.

Kuhusu dawa: usitibu tanki zima, tibu dumu la leo. Vidonge vya klorini vya miligramu 67, kimoja kwa lita 20. Kwa jiki isiyo na manukato ya asilimia 3.5, mililita 3 kwa lita 20, yaani kijiko cha chai kilichovuka nusu kidogo. Koroga, subiri nusu saa. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha dawa mara mbili. Chupa ya jiki iliyokaa mwaka juani dirishani ni ya kupigia deki tu.

Bibi wa Kibosho

Wanangu, mmesahau moto. Maharage ya miezi mitatu bila kuni ni mawe. Magadi yanalainisha upesi, ndivyo tulivyolelewa.

Maji_Ngaramtoni

Shikamoo bibi. Tatizo la magadi ni kwamba mengi yanatoka kwenye maziwa yetu haya ya bonde la ufa na yamebeba floridi hiyo hiyo. Mtu anahangaika kukinga mvua halafu anairudisha kwa kijiko.

Bibi wa Kibosho

Marahaba. Basi kikapu cha kuivishia kwa joto la sufuria yenyewe, bila moto. Tenga lenye nafasi ya vidole vyote vya mkono, sentimita 10, kuzunguka sufuria, chini na juu. Huku hatununui pamba, majani makavu ya mgomba yanatosha, yashindiliwe mpaka yasicheze, juu mto uliojazwa majani hayo hayo. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale. Chemsha kwa nguvu dakika 20. Pasipungue kumi, maharage mekundu yasiyochemka vizuri yanatapisha, na kikapu peke yake hakifikishi moto wa kuua sumu hiyo. Sufuria iwe imejaa walau theluthi mbili, funika, ingiza kikapuni ikiwa bado inatokota. Baada ya muda wa saa nne au tano yameiva. Rudisha jikoni yachemke tena ndipo uyaunge. Anayefunua kuchungulia anakula mawe. Sufuria ndogo katika kikapu kikubwa nayo haifiki, joto linakwisha njiani.

Mtu wa Sakina

Bibi umemaliza. Niongeze gesi: jiko moja likiwaka kwa nguvu hula gramu 150 hadi 200 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 ni saa 75 hadi 100. Kwa kikapu, maharage yanataka kama nusu saa ya moto badala ya saa mbili. Mpira wa gesi upake povu la sabuni kila ukibadilisha mtungi. Na mkaa usiingizwe chumbani Juni na Julai kwa ajili ya baridi, hata ukiwa "umeshika vizuri". Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Fundi Sola Njiro

Kwa kifupi. Betri la risasi la volti 12, Ah (ampea-saa) 100, lina Wh (wati-saa) 1,200 kwenye karatasi. Tumia nusu, 600. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni Wh 100, simu tatu ni 45, redio 20. Linatosha siku tatu za ukungu wa Julai. Friji lisahau.

Betri halifi kwa kutumika, linakufa kwa kuachwa tupu. Pima likiwa limepumzika saa kadhaa: volti 12.7 limejaa, 12.2 nusu, 11.8 umelimaliza. Likikaa wiki likiwa tupu, risasi inajiganda na halirudi tena kama mwanzo. Betri la gari halifai kazi hii, limeumbwa kupiga stata. Fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na taa. Pawabanki itunzwe ikiwa na nusu ya chaji, iongezee chaji kila miezi mitatu. Umeme wa LUKU ingiza uniti mapema, mtandao ukilala hununui. Intaneti ilipozimwa mwishoni mwa Oktoba 2025 watu walijua thamani ya noti za elfu moja na mbili.

Nesi_Moshono

Nami kidogo. Maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Chumvi ikizidi inamuumiza mtoto, kwa hiyo onja: isizidi chumvi ya machozi. Yakipita saa 24 mwaga. Dawa za presha na sukari ziwe na mwezi mmoja wa ziada, mpya nyuma, za zamani mbele. Insulini bila friji: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, juu kitambaa chenye maji, kivulini penye upepo. Mchanga ukikauka hakuna ubaridi, kwa hiyo mwagilia asubuhi na jioni.

Kaka wa Pasua

Choo cha kuvuta maji yakikatika?

Nesi_Moshono

Lita 5 hadi 6 za maji ya kufulia, mwaga kwa mkupuo kutoka juu, ukimimina taratibu hayasukumi kitu. Yakiisha kabisa, ndoo mbili: moja ya mkojo, nyingine ya haja kubwa na kopo la majivu ya jikoni kila mara. Ndoo ya pili ikiingia mkojo ndipo harufu inapoanza. Na kibuyu chirizi kando, na sabuni yake ikiwa imefungwa kwa kamba.

Bibi wa Kibosho

Majivu ya kuni, nesi, yakiwa yamepoa. Kuna mtu ataunguza ndoo.