Mashine yangu imezuiliwa: polisi, chifu au Mahakama ya Madai Madogo?

FundiSare
Wadau, naombeni ushauri. Nilikuwa nashonea kwenye kibanda cha mwenzangu hapa Nairobi, tukigawana kodi. Tulikosana, nikahama. Sasa ameizuia ovaloki yangu, ile mashine ya kushona kingo, niliyonunua shilingi 38,000, eti nina deni la kodi la miezi 2. Nililipa kwa M-Pesa na ujumbe ninao. Sare za wanafunzi 14 zimelala hapa, kingo zinafumuka uzi. Niende polisi, kwa chifu au kortini? Kuna anayeniambia nitafute vijana wakaibebe.

BabaMakadara
Vijana waache kabisa, dada. Ukivunja kufuli, mshtakiwa utakuwa wewe. Polisi nenda uandikishe kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, upewe nambari, lakini usishangae ukiambiwa hiyo ni kesi ya madai. Mashine uliipeleka pale mwenyewe, naye ana kisingizio cha deni, kwa hiyo kuthibitisha wizi si rahisi. Na akishtakiwa, kesi ni ya Jamhuri. Wewe ni shahidi tu.

Nyakio_K
Mimi nilianza kwa chifu. Friji yangu ilirudi siku hiyo hiyo, kwa kuwa yule mama tulikuwa tunakaa ploti moja na aliona haya mbele ya majirani. Asiye na haya, chifu atamfanya nini? Hana uwezo wa kutoa hukumu.

KaraniMstaafu
Kwa kesi yako naona Mahakama ya Madai Madogo inashinda zote. Sheria yake ni ya 2016, nayo ilianza kazi Milimani Aprili 2021. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yenyewe inataja wazi kurejeshewa mali inayohamishika. Si lazima uwe na wakili, kanuni za ushahidi hazikazwi kama korti nyingine, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, tena kwa hoja za sheria tu.

Ila kwanza mwandikie. Hapa ndipo wengi huteleza. Mashine ilikuwa kwake kwa ridhaa yako, kwa hiyo kosa lake linaanza pale unapoidai naye akakataa. Taja mashine, nambari yake na siku ya mwisho. Akikujibu "silipwi, sitoi", hifadhi jibu hilo. Kortini omba urudishiwe mashine yenyewe, na ikiwa haipo, thamani yake, pamoja na hasara ya kazi uliyokosa. Usikalie jambo hili: madai ya aina hii yana miaka 3 tu ya kufungua kesi.

Juma_wa_Gikomba
Na akiiuza?

KaraniMstaafu
Kwa kawaida asiye mwenye mali hawezi kumpa mnunuzi haki asiyokuwa nayo yeye, kwa hiyo unaweza kuifuata hata huko, mradi uthibitishe ni yako. Risiti ipige picha leo, wino wa zile karatasi hufifia.

FundiSare
Risiti imeshafifia, jina la duka tu ndilo linasomeka. Lakini nimepata picha ya siku niliyoinunua: kibati cha nambari kinaonekana vizuri, na kanyagio lina ule ufa wa pembeni. Barua naipeleka kesho, siku 7. Mama wa duka la jirani amekubali tuende pamoja aone nikimkabidhi.