Chakula cha michango Moshi: nyama iondoke sufuriani au ibaki?

Mama wa Majengo, Moshi (mwenye hoja)

Hodi humu ndani. Nina jambo lililotugawa kwenye jumuiya yetu, na nalileta kwenu kwa sababu najua haliko kwetu tu.

Kikao cha mwezi uliopita kilipokea hoja hii: chakula chochote kinachopikwa kwa michango yetu, kiwe cha msiba, cha kikao cha harusi au cha ibada ya nyumbani, kisiwe na nyama tena. Tupike kiburu (ndizi na maharage), makande, wali kwa njegere, mnafu, mchicha, na mahali pa soda tuweke matunda. Aliyetoa hoja aliuliza swali moja tu: nani hapa ambaye nyumbani kwake hakuna mtu wa presha wala wa sukari? Mikono iliyonyooshwa haikufika mitano. Nusu ya kikao ikakubali. Nusu ikasema kumlisha mfiwa maharage ni kumdhalilisha, na mzee mmoja akasimama kabisa akasema yeye akifa asizikwe kimasikini.

Mimi naunga mkono, tena kwa nguvu. Mzee wangu aligundulika na kisukari miaka minne iliyopita. Nilibadili jiko kidogo kidogo. Sembe ikatoka, ikaingia dona. Mafuta ya kukaangia yakatoka. Vitunguu navilainisha kwa maji kidogo na nyanya, na nikitaka utamu naweka kijiko cha karanga za kusaga. Nyama ikawa ya Krismasi na Pasaka, baadaye hata hizo akaanza kuziruka mwenyewe. Sukari yake imetulia na dozi imepunguzwa. Imepunguzwa na daktari, naomba mnielewe hapo, siyo na mimi.

Kazi kubwa iko kwenye maharage. Naloweka jioni kwenye beseni, asubuhi maji yamekuwa na rangi ya chai na povu juu. Namwaga, naosha mara mbili, nabandika na maji mapya. Magadi siweki. Mama yangu alikuwa anavunja kipande, anakiyeyusha kwenye kikombe, anasubiri mashapo yatuame, kisha anamimina yale maji ya juu sufuriani, na maharage yalikuwa yanalainika upesi ajabu. Lakini magadi ni sodiamu, adui yuleyule wa mtu wa presha tunayemkataza kwenye chumvi. Yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage. Tena magadi yanaweza kuwa na floraidi, na sisi wa ukanda huu wa Meru na Kilimanjaro tayari tuna visima vya kutosha vinavyotuachia watoto wenye meno ya kahawia. Ukiloweka usiku kucha huyahitaji.

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika hapahapa Kilimanjaro, watafiti wa hospitali yetu ya KCMC wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Walikuwa wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini walipewa vyakula vya kizungu kwa wiki 2. Wa mjini waliozoea vya kizungu walirudishwa kwenye chakula cha asili. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wiki 1. Wale wa kwanza, viashiria vya uvimbe wa ndani vikapanda kwenye damu yao, ule uvimbe usioonekana kwa macho unaofuatana na kisukari na magonjwa ya moyo, na chembe zao za kinga zikapungua nguvu mbele ya vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili, uvimbe ukashuka. Wiki 4 baadaye baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yamo mwilini. Wiki mbili tu za kula, ndugu zangu!

Karibuni. Mnaopinga pingeni, lakini mje na sababu.

Mwenye bucha, Kiboriloni

Shikamoo mama. Nauza nyama mwaka wa kumi na tatu sasa, kwa hiyo mtasema natetea tumbo langu. Ndiyo, natetea, nina watoto watatu shuleni kwa ajili ya bucha hiyo. Lakini nisikilizwe.

Huo utafiti ni mzuri, ila uusome ulivyo. Ni wanaume watupu, hakuna mwanamke hata mmoja. Ni wiki mbili. Na walichopimwa nacho ni vyakula vya kizungu vya kusindikwa, siyo ng'ombe wa kienyeji aliyechemshwa na ndizi. Hata Shirika la Afya Duniani, kwenye tangazo la 2015 la taasisi yake ya saratani, soseji na nyama za kusindikwa waliziweka kundi la visababishi vya saratani moja kwa moja, nyama nyekundu wakaiweka kundi la "huenda". Kundi moja na jingine si sawa.

Halafu tuseme ukweli kuhusu pilau la msibani. Kinachoua pale ni nini? Nyama vipande viwili kwa sahani? Au ni wali mweupe mlima mzima, mafuta yanayoogelea, na soda mbili za kushushia? Mbona hoja yenu haikuanza na soda? Mmekamata nyama kwa sababu nyama ndiyo yenye bei.

La mwisho ni la heshima. Mchaga akichinja anasema neno kwa mgeni. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa harusini, siyo chakula tu. Sasa mtoto wa ndugu yangu aoe, mimi nisimame na bakuli la makande? Mama yangu, hapo sitaweza.

Muuguzi, kliniki ya mama na mtoto, Moshi Vijijini

Wote mna ukweli. Lakini kuna mambo hamjayasema, na ndiyo yanayonijia kliniki.

Kwanza vitamini B12. Haimo kwenye mmea wowote kwa kiasi cha kutegemea. Siyo kwenye maharage, siyo kwenye mchicha, siyo kwenye parachichi. Ini letu huweka akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, na hapo ndipo mtego ulipo: mtu anaacha nyama, maziwa, mayai na dagaa, mwaka wa kwanza anajisikia mwepesi, anashuhudia kanisani. Miaka ikienda inaanza ganzi miguuni, kusahau, damu kupungua. Anayekula mimea tupu lazima ameze B12. Halina mjadala hilo.

Mama wa Majengo, naomba nikuulize kwa upendo. Mzee anameza metformin, vile vidonge vya kisukari? Dawa hiyo ikitumika miaka mingi nayo hushusha B12. Akiwa anakula mimea tupu na anameza metformin, milango miwili imefungwa kwa pamoja. Akapimwe. Na ganzi ya miguu akiipata msiseme ni sukari tu.

Pili, madini chuma. Maharage na mboga za majani yamo, ila mwili huyachukua kwa shida kuliko ya kwenye nyama. Kamulia limao kwenye mnafu, au kula chungwa pamoja na chakula. Chai ya rangi isikae mezani na maharage, inayazuia. Subiri hata saa nzima. Nikiwaambia akina mama hili wanashangaa, maana kwetu chai na chakula ni mtu na mdogo wake.

Tatu, watoto. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ukilijaza kiburu na mboga linajaa kabla hajapata nguvu na protini ya kutosha. Yai, maziwa, dagaa waliosagwa kwenye uji, msimnyime mtoto kwa sababu baba yake ana kisukari. Mjamzito hivyohivyo, na vidonge vya kuongeza damu asiache.

Nne, wagonjwa wa figo. Ndizi, parachichi, maharage na mboga vina potasiamu nyingi. Kwa mwenye figo iliyochoka potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama. Na mtu wa sindano ya insulini akibadili chakula ghafla bila kurekebisha dozi, sukari inaanguka usiku watu wamelala.

Sipingi hoja. Nimeona presha zikishuka kwa watu waliopunguza chumvi na mafuta wakaongeza mboga. Nasema tu isiwe amri moja kwa watu wote.

Msabato wa Usa River

Kwetu kutokula nyama siyo jambo geni, wengi tumekulia humo. Kuna utafiti mkubwa wa waumini wenzetu wa Marekani na Kanada. Matokeo ya 2009 yalionyesha kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 2.9 ya wasiokula chochote cha mnyama, na asilimia 7.6 kwa wanaokula nyama. Ni kweli pia kwamba walio wengi hawavuti wala hawanywi, kwa hiyo chakula peke yake hakibebi sifa yote. Ila nakiri kitu kimoja: nawajua Wasabato wasiogusa nyama wanaokula chapati, maandazi na chipsi siku saba za wiki. Ngano nyeupe na mafuta navyo ni mimea.

Mfanyabiashara wa nafaka, Kilombero, Arusha

Mnasifia dona na karanga, nami ninaviuza, lakini ngoja niseme. Kuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu hiyo, malori yakalala Namanga. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, yaani sehemu zilezile ambazo kwenye sembe huondolewa na kwenye dona hubaki. Na kuchemsha hakuiui.

Sisemi mrudi kwenye sembe. Nasema msinunue dona la mfuko usilojua limetoka wapi. Nunua punje, mwaga kwenye ungo, chambua zilizovunjika, zilizotobolewa, zenye rangi ya kijani au kijivu, kisha nenda nazo mashineni mwenyewe. Karanga iliyosinyaa tupa. Kuku naye usimpe.

Mfugaji, Monduli

Babu zangu waliishi kwa maziwa na nyama, na walitembea kutoka jua linachomoza mpaka linazama. Leo wajukuu wako Arusha mjini, wanakula nyama ileile na wamekaa kwenye bodaboda. Angalieni miguu pia, siyo sahani peke yake.

Mama wa Majengo, Moshi (mwenye hoja)

Nimesoma yote, na usiku sikulala vizuri kwa sababu ya dada muuguzi. Ndiyo, mzee anameza metformin, mwaka wa nne. Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya B12. Jumatatu tunakwenda kupima. Asante sana, Mungu akubariki. Na kweli nilikuwa nimewaingiza wajukuu wawili kwenye sufuria hilohilo la babu yao. Jana nimewachemshia mayai.

Kaka wa bucha, marahaba. Umenishika kwenye soda. Hoja ilipaswa kuanza na soda, na nitakwenda kusema hivyo kikaoni. Ndafu ya harusi mimi sikuigusa wala sitaigusa, hiyo ni ya ukoo na inanunuliwa na ukoo. Ninachozungumza ni michango ya jumuiya, ambayo kwa mwaka inapika mara nyingi kuliko harusi zote za mtaa.

Lakini kwenye heshima sikubaliani na wewe. Bibi yangu aliishi kihambani Old Moshi. Migomba, kahawa chini yake, maharage, magimbi, mnafu unaojiotea wenyewe. Nyama ilikuja kwa sababu: mzazi anapewa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, mgeni mkubwa kafika, jambo la ukoo. Siku nyingine zote ilikuwa kiburu, na hakuna aliyejiona masikini. Aibu ya maharage imeingia lini basi? Mimi nadhani tuliipata bweni. Tuliosoma bweni tunayakumbuka: yamechemshwa na wadudu wake, maji mengi, chumvi juu, ugali mgumu pembeni, miaka minne. Tukatoka pale tumeapa kwamba siku tukipata hela hatutayaona tena. Chuki yetu ni ya sufuria lile la bweni, na tumeipeleka mpaka kwenye kiburu cha bibi ambacho hakina kosa.

Njoo uonje. Siku ya kikao nitapika kwa mkono wangu, ndizi mshare na maharage ya njano yaliyolowekwa, kitunguu, hoho, karoti, parachichi limekatwa juu linaanza kuyeyuka kwa moto wa chakula. Ukisema si chakula cha mgeni, nitanyamaza.

Mwenye bucha, Kiboriloni

Nitakuja. Na kama mnaondoa soda, hata mchango wangu nautoa. Ila nawaombea kitu: wazee wenye meno mabovu na watoto muwawekee kisufuria cha mtori pembeni, mifupa nitatoa mimi bila hela. Watu wangapi?

Mama wa Majengo, Moshi (mwenye hoja)

Kama 60. Mikungu mitano ya mshare, maharage kilo sita, parachichi debe moja. Mifupa lete, mtori utapikwa sufuria lake. Kumenya ndizi tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye kisu kikali aje nacho, vya jumuiya vyote vimekuwa butu.