Vita ya 1914 ilikuwa ya Watanganyika au ya mabwana zao?

BintiKilosa: Wadau, pale Posta Dar kuna yule askari wa shaba ameelekeza singe bandarini. Mwingereza kamweka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, gavana wa Mjerumani. Swali langu: Tanganyika iliingia vita ya 1914, ile Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, au iliburuzwa? Maana waliokufa zaidi ni wapagazi, tena kwa kuhara damu na malaria kuliko risasi, na sanamu kapewa mwenye bunduki. Mi nasema serikali iwajengee wapagazi mnara wao.

Kibiriti: Iliburuzwa, hakuna mjadala hapo. Gavana wa Mjerumani, Schnee, mwenyewe hakutaka vita ifike huku, kamanda wa jeshi lake Lettow-Vorbeck ndo kang'ang'ania, sasa mkulima wa Handeni angeitaka ya nini? Halafu hao askari mnaowapigia saluti ndo walioingia Ungoni wakati wa Maji Maji wakachoma vyakula watu wakafa njaa. Miaka 7 tu baadaye wamekuwa mashujaa? Wanyapara wenye bunduki hao.

Mzee wa Unyanyembe: Kibiriti chunga mdomo wako. Babu mzaa babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani na hakuwa mnyapara wa mtu. Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema waliingia jeshini kwa mshahara na heshima kwa sababu Mjerumani alikuwa ameshakaa, kodi anataka, ungefanyaje? Tanga, Novemba 1914, jeshi la Mwingereza la watu kama 8,000 limeshuka melini likarudishwa baharini na askari elfu moja na ushee. Aliwarudisha Lettow peke yake?

Kibiriti: Sijamtaja babu yako mzee wangu, nimetaja jeshi. Ila umesema mwenyewe, mshahara. Basi tuseme kazi, tusiseme ushujaa.

Mzee wa Unyanyembe: Polisi wa leo halipwi?? Mwalimu halipwi? Vijana mnatukana wafu halafu mnajiita wasomi.

MkenyaDamu: Hao wa Tanga wengi walikuwa Wahindi wametoka safari ndefu ya meli wakiwa wagonjwa, tusikuze sana hayo mambo. Hapa Nairobi, Kenyatta Avenue, mnara uko na mpagazi kando ya wanajeshi, kwa hiyo Binti hicho kitu unaomba kiko tayari. Lakini soma yale maandishi. Yanasema watu walikufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao, mfalme gani huyo? Eti ukifa wanao watalikumbuka jina lako, na jina hata moja hawakuandika! Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali yenyewe 2021 kwamba watu si chini ya 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina.

Mzee wa Unyanyembe: Mkenya unakuja kutufundisha Tanga? Wagonjwa wagonjwa! Waliokuwa wanapiga upande wa pili walikuwa na afya ya wapi? Na kwenye vita ya Mahiwa kule Lindi 1917 nako walikuwa wagonjwa?

Nyasa_Kaskazini: Jamani mnasema kama vile enzi zile hakuna Mwafrika aliyehoji. Mchungaji John Chilembwe kule Nyasaland (Malawi ya leo) aliandika barua gazetini Novemba 1914, baada ya Mwingereza na Mjerumani kupigana Karonga, akauliza kwa nini Waafrika wafe kwa ugomvi usiowahusu, waende matajiri na wenye mabenki wakapigane wao. Mamlaka wakaizuia. Januari 1915 akaanzisha uasi, wakamuua. Kwa hiyo swali la Binti lilishaulizwa vita ikiwa bado mbichi.

Kibiriti: Mzee, hiyo Tabora yako ya Unyanyembe si ilianguka kwa Mwingereza 1917?

MkenyaDamu: Wabelgiji, Septemba 1916. Na waliotangulia mbele walikuwa askari wa Congo. Mwafrika anamtoa Mwafrika Tabora ili Mbelgiji akae, hiyo ndiyo inaniuma mimi.

Mzee wa Unyanyembe: Na bado askari wetu hawakuisha! Walivuka Ruvuma, wakazunguka Msumbiji karibu mwaka mzima, wakaweka silaha chini Abercorn (Mbala ya Zambia leo) tarehe 25 Novemba 1918 wakati Ulaya wameshanyamaza wiki mbili. Waliobaki mpaka mwisho ni elfu moja na mia na kitu. Mnyapara hawezi kutembea hivyo.

Mgogo wa Mpwapwa: Walitembea wakila nini mzee? Hilo hamlisemi. Mbung'o waliua farasi na maksai, ikabidi kila gunia la unga libebwe kichwani na mtu, na huyo mtu naye anakula humohumo njiani. Ugogo, huku kwetu Dodoma, Mjerumani alichukua ng'ombe, nafaka na vijana, kaja Mwingereza 1916 kachukua vilivyobaki, mvua nazo zikagoma. Ikaja Mtunya, njaa ambayo wazee kwetu bado wanahesabia miaka. Wanahistoria wanakadiria karibu mtu mmoja kati ya watano alikufa, na wengi hawakuwahi hata kushika mzigo wa jeshi, walikuwa akina mama na watoto nyumbani. Mnara ukijengwa ujengwe Dodoma, Posta tumechoka.

Kibiriti: Naunga mkono, Dodoma.

Mzee wa Unyanyembe: Dodoma sikatai. Ila wapagazi wa Kinyamwezi walibeba nchi hii toka enzi za misafara ya pembe, mtaanzaje Dodoma mkairuka Tabora?

MkenyaDamu: Haya, sasa ni ukabila.

Mzee wa Unyanyembe: Ukabila umeuleta wewe. Nimesema Tabora.