Mrejesho: nimehama kampuni ya bima na punguzo langu nimeondoka nalo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza: nina bima kubwa ya gari (ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika), miaka mitatu sijadai hata senti, je, nikihama kampuni lile punguzo la ada wanalokupa kwa kutodai linabaki kule?

Mliosema punguzo ni la mwenye bima na si la gari, mlipatia. Kazi iko kwenye ushahidi. Wakala mmoja hapa Arusha, karibu na Mnara wa Saa, alihakiki stika yangu ya bima kwenye simu akasema, "Dada, hapa naona bima iko hai tu, sioni kama uliwahi kudai." Akataka barua ya kampuni ya zamani. Hiyo barua, jamani! Siku tisa za "njoo kesho". Kuipata, mstari mmoja: miaka mitatu, hakuna madai, muhuri umekaa upande.

Nililipia kabla ya bima ya zamani kuisha, maana ikikatika muda mrefu unaweza kuanza upya. Punguzo wamelikata kwenye ada kabla ya VAT.

Kile kioo cha pembeni kilichong'olewa na bajaji Mbauda mwaka jana nilikilipia mwenyewe, kwa kununa. Ningedai, barua isingesomeka hivyo.